Nani kasema bahari si barabara? Safari ya feri Alaska na somo kwa visiwa vya Lamu

Mwaka 2023, kiangazi cha huko Marekani, nilikwenda Seattle kumtembelea binti yangu na kumwona mjukuu. Wiki ya pili mkwe wangu akaniambia, "Baba, wewe ni mtu wa bahari. Kukaa ghorofani utachoka. Kuna feri ya serikali inakwenda Alaska, panda ukaone." Nilicheka. Kwa sisi wakaazi wa Mombasa feri ni ya Likoni: unaingia, unasimama, unashika mfuko wako, dakika kumi umevuka. Feri ya siku tatu sikuwahi kuisikia.

Ijumaa jioni akanipeleka Bellingham, mji mdogo karibu na mpaka wa Kanada. Gatini palikuwa na chombo cha rangi ya buluu iliyokoza, bombani kimechorwa nyota za manjano za bendera ya Alaska. Jina lake Columbia, urefu wake mita 127, na kimekuwa kazini tangu 1974. Nilikuwa na tikiti ya staha tu, bila chumba. Mkwe wangu alinipa blanketi mbili na chupa ya chai ya tangawizi, akaniaga.

Naandika haya si kwa kuwasimulia utalii. Nimekaa nayo moyoni muda mrefu, na sasa uchaguzi wa 2027 ukiwa njiani, wagombea wakianza kuja visiwani na ahadi zao zile zile za lami, nimeona ni wakati wa kusema nilichokiona na kwa nini kinatuhusu.

Chombo cha wenyeji

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni abiria. Nilidhani nitakuta watalii na kamera zao, na kweli walikuwapo. Lakini wengi walikuwa watu wa kwao wanarudi kwao. Sitaha ya chini ilijaa magari ya kubebea mizigo, mashua juu ya matrela, friji, magodoro, mbao na mbwa. Kijana mmoja alikuwa anahamisha nyumba nzima. Wasio na vyumba walilala sehemu ya nyuma ya sitaha ya juu, iliyoezekwa paa la kioo na kuwekwa taa za joto darini. Wengine walisimamisha mahema yao juu ya chuma, na kwa kuwa chuma hakipigwi vigingi, wakayagandisha kwa utepe mpana wa gundi. Upepo ukivuma mahema yote yanalia kama matanga.

Tulikwenda kaskazini siku mbili, tukiwa tumezingirwa na visiwa. Upande wa kulia bara, upande wa kushoto visiwa vya Kanada na kisha vya Alaska, na katikati maji yaliyotulia kama ya Manda Bay wakati wa maleleji. Milima imeshuka moja kwa moja mpaka majini. Miti yake ni kama mivinje yetu ila mirefu na imeshonana, huoni ardhi. Maporomoko ya maji yanateremka kutoka kwenye theluji kama nyuzi nyeupe. Jua lilizama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo magharibi nayo ilichelewa hivyo. Na kule kibla ni karibu kaskazini kabisa, kama kwetu Mombasa, ingawa ni upande wa pili wa dunia. Nikaswali nikiwa nimeelekea omo, chombo nacho kinakwenda huko huko.

Siku ya pili nilikaa karibu na mama mmoja wa makamo, wa kabila la Tlingit, ambao ni wenyeji wa visiwa vile tangu kabla ya Warusi na Wamarekani kufika. Alikuwa ametoka Seattle kwa matibabu, anarudi kijijini kwake kisiwani, na mbele angebadilisha feri kupanda ndogo zaidi. Nikamwambia mimi pia nimezaliwa kisiwani, Pate, mji wa Faza. Akauliza, "Na barabara yenu ikoje?" Nikaanza kumweleza habari za lami ya Garsen hadi Lamu, ilivyochukua miaka na miaka. Akanikatiza kwa mkono. "Si hiyo ya gari. Barabara yenu. Ya kutokea kisiwani."

Sikuwa na jibu. Maisha yangu yote nimepanda mashua, jahazi na boti za mashine, na sikuwahi hata mara moja kuita ile ni barabara. Ile niliita safari.

Serikali iliyoamua kuwa maji ni njia

Yule mama hakuwa anazungumza kwa mafumbo. Mtandao ule wa feri unaitwa Alaska Marine Highway, yaani Barabara Kuu ya Bahari ya Alaska, na wamelichukua jina hilo kama lilivyo. Alaska ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1959 ilikuwa na miji mingi ya pwani isiyoweza kuunganishwa kwa gari. Hata Juneau, mji mkuu wa jimbo wenye watu kama elfu thelathini na kitu, mpaka leo hauna barabara inayoutoa kwenda mji mwingine. Unatoka kwa ndege au kwa chombo. Milima na barafu vimeziba kila upande.

Mwaka 1960 wapiga kura wa Alaska waliidhinisha serikali yao ikope pesa za kununua feri. Mwaka 1963, mwaka ule ule sisi tuliopata uhuru, zikaanza kazi feri tatu: Malaspina, Taku na Matanuska. Leo njia hiyo inatoka Bellingham hadi Unalaska, visiwa vya mbali magharibi, kama kilomita 5,600, na inahudumia miji na vijiji zaidi ya thelathini. Inaendeshwa na idara ile ile ya uchukuzi ya jimbo inayotengeneza barabara za lami. Mwaka 2005 serikali ya kitaifa iliitia katika orodha ya barabara zake za heshima, ikiwa njia pekee ya baharini kupewa daraja hilo.

Lakini la muhimu kuliko sifa ni pesa. Kwa kuwa feri zile zinahesabiwa kuwa barabara, zinaruhusiwa kula katika mfuko wa barabara. Marekani ina mfuko wa kitaifa wa barabara kuu unaochangiwa na ushuru wa petroli na dizeli, na sehemu yake hutumika kujenga na kukarabati feri na magati. Nauli haitoshi kuendesha vyombo vile na haijawahi kutosha. Jimbo linajazia pengo, kwa hoja nyepesi: hakuna anayeuliza kilomita moja ya lami imeleta faida gani mwisho wa mwaka, basi kwa nini tuulize maji?

Jumapili jioni, baada ya kutoka mji wa Wrangell, tuliingia mkondo unaoitwa Wrangell Narrows. Abiria wote walipanda juu kutazama. Ni mkondo wa kama kilomita 35, na penye wembamba zaidi njia ya chombo ina upana wa kama mita mia tu. Maji yakipwa kina chake ni kama mita sita. Meli kubwa za kitalii hazipiti hapo. Feri hupita, lakini kwa kungoja maji. Ratiba nzima inapangwa kwa kutazama kujaa na kupwa, na kule kujaa na kupwa si mchezo, tofauti huzidi mita tano. Njia imewekewa alama zaidi ya sitini, nyekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, na gizani zinawaka na kuzima mbele yako mpaka mwisho wa macho. Nahodha alikipitisha chombo kile kirefu polepole, anapinda kushoto, anapinda kulia, nyumba za watu ziko karibu hata unaona mtu anaosha vyombo jikoni kwake.

Mimi niliacha kutazama mandhari. Nilikuwa nahesabu taa. Nilikuwa naiwaza Mkanda.

Usiku wa Mkanda

Kwa msomaji asiyejua, Mkanda ni ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Ukitoka Pate kwenda Amu, njia ya ndani ni hapo. Njia nyingine ni kuzunguka nje kwenye bahari kuu, na wakati wa kusi hakuna mwenye akili anayepita nje na boti ndogo usiku. Mkanda maji yakipwa, chombo kinakaa.

Mwaka 2011 mpwa wangu alishikwa na uchungu wa uzazi pale Faza, mimba yake ya kwanza. Ikaonekana anahitaji upasuaji ambao usiku ule haukuweza kufanyika kisiwani. Ami yangu akatoka kwenda kugonga milango kutafuta boti. Mwenye boti alikuwa tayari, lakini petroli hana, na petroli ya usiku ina bei yake. Tukachangisha barazani, huyu mia mbili, yule mia tano, mpaka ikatimia elfu kumi na mbili. Tukaondoka saa sita na nusu usiku. Tulipofika Mkanda maji yalikuwa yamepwa. Tulikaa pale saa mbili, tochi mbili za mkono, mbu, na msichana wa miaka kumi na tisa amelala kwenye ubao wa boti ameshikwa mkono na mamake. Hapakuwa na taa yoyote ya njia. Nahodha alishuka mara tatu kupima kina kwa mguu wake.

Yeye alipona, alhamdulillah. Mtoto hakuwahi.

Sisemi mtu fulani alituua. Mwenye boti alifanya wema, hata faida hakuchukua. Wauguzi walifanya waliloweza. Ninachosema ni kwamba usiku ule kila kitu kilichotakiwa kuwa kazi ya umma, yaani chombo, mafuta, njia na taa, kilikuwa juu ya mabega yetu wenyewe, na tuliona ni kawaida. Tulisema ni kadari na tukaishia hapo. Nimehitaji kwenda mpaka Alaska, kuona taa sitini kwenye mkondo wa mji wa wavuvi, ili nijue kwamba nusu ya ile kadari ilikuwa bajeti.

Ushuru tunaolipa, barabara tusiyoipata

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo pananiudhi.

Kenya ina ushuru wa matengenezo ya barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Unakatwa kwa kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa. Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Ushuru huo hauulizi petroli inatiwa kwenye nini. Matatu ya Nairobi inalipa 25, na boti ya Kizingitini inalipa 25.

Chukua mfano wa boti inayochoma lita 40 kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,000 kila siku kwa mfuko wa barabara. Ikifanya kazi siku 25 kwa mwezi ni shilingi 25,000. Kwa mwaka ni shilingi 300,000, kwa boti moja. Hesabu boti za abiria na za uvuvi za Amu, Pate, Kiwayu, Wasini na Funzi. Pesa hizo ziko ndani ya nauli anayolipa mama anayepeleka mtoto kliniki, na ndani ya bei ya samaki anaponunua mchuuzi. Zinakwenda Nairobi, zinageuka lami, na lami haielei majini. Magavana na wabunge wamekuwa wakivutana hadi mahakamani juu ya nani ashike mgao wa mfuko huu. Katika mvutano wote huo sijasikia mtu akiuliza: na waliolipa wakiwa baharini, je?

Kuna mfuko mwingine, ule wa usawazishaji, ulioundwa na kifungu cha 204 cha Katiba ili maeneo yaliyoachwa nyuma yafikishiwe maji, barabara, afya na umeme. Lamu imo katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotajwa kuwa zimeachwa nyuma. Lakini neno lililoandikwa ni barabara. Kama bahari yetu haihesabiwi kuwa barabara, basi mtu wa Kiwayu amebaguliwa mara mbili: kwanza alisahauliwa, kisha dawa ya kusahauliwa ikaandikwa kwa lugha ya bara.

Na msiniambie wazo lenyewe ni geni kwetu. Likoni mwenda kwa miguu havuki kwa nauli, anavuka bure, na gari ndilo linalolipa. Kwa nini? Kwa sababu serikali ilikubali zamani kuwa kile kivuko cha mita kama mia tano ni kipande cha barabara ya kwenda Lungalunga, na mtu hatozwi kwa kutembea barabarani. Sisemi Likoni ni pepo. Feri zimekuwa zikiharibika, na hakuna mtu wa Mombasa aliyesahau Mtongwe, Aprili 29, 1994, tulipozika watu 272. Lakini msingi wake ni sahihi. Swali langu ni jepesi: kama maji ya Likoni ni barabara, maji ya Mokowe ni nini?

Somo la pili la Alaska: chombo kinavyokufa

Ningekuwa mwongo nikiwaambia huko kila kitu ni asali. Yule mama wa Tlingit aliniambia pia habari za mwaka 2019, na ni habari ambazo ziko wazi kwa kila mtu.

Gavana Mike Dunleavy aliingia madarakani Desemba 2018 na sera ya kubana matumizi. Pendekezo lake la kwanza lilitoa pesa za kuendesha feri za miezi mitatu tu ya mwaka wa fedha uliofuata. Bunge la jimbo lilikataa makali yale, hata hivyo mwishowe zilikatwa zaidi ya dola milioni 40. Julai mabaharia waligoma kwa zaidi ya wiki. Ulipofika msimu wa baridi, vijiji kadhaa vya visiwani na mji wa Cordova vilikaa miezi bila feri. Ndege ndogo zilikuwapo, lakini ukungu ukishuka hazipai, na ndege haibebi shehena ya duka wala gari bovu. Bidhaa zikapanda bei, wagonjwa wakahairisha safari za hospitali, timu za shule zikakosa mashindano.

Bandu bandu huisha gogo. Taku, moja ya zile tatu za mwaka 1963, iliuzwa 2018 kwa dola 171,000, ikaishia kukatwakatwa vyuma huko Alang, India. Malaspina ilifungwa gatini kisha ikauzwa 2022. Matanuska ilikutwa vyuma vyake vimelika, ikageuzwa nyumba ya kulala mabaharia. Feri mbili mpya, Tazlina na Hubbard, zilijengwa kwa mamilioni ya dola bila vyumba vya mabaharia kulala. Sheria ya saa za kazi ikazibana kwenye njia fupi, na Hubbard ilikaa miaka kabla ya kuanza kubeba abiria mwaka 2023 baada ya kuongezewa vyumba. Kisha wakakosa watu wa kazi. Chombo kipo, mtu wa kukiendesha hayupo.

Kilichowapa pumzi ni sheria ya miundombinu ya Novemba 2021, ambayo ilitenga dola bilioni moja kwa miaka mitano kwa feri za maeneo ya mbali, nyingi zikielekea Alaska. Na pesa hizo nazo zina mwisho.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu hapa kwetu atatokea mtu aseme, "Ikiwa Marekani na utajiri wake wameshindwa, sisi ni nani?" Mimi naisoma habari hii kinyume chake. Walipoiona feri kuwa barabara, ilidumu zaidi ya nusu karne na vijiji vikaishi. Walipoanza kuipima kama duka, kwa faida na hasara, ndipo ilipoanza kuoza. Na tofauti kubwa ni hii: feri ilipoondolewa, watu wa vijiji vile walikuwa na neno la kudai. Walisema, mmefunga barabara yetu. Sisi hatuna hata hilo neno. Boti ikizama tunasema ajali, nauli ikipanda tunasema petroli, mgonjwa akifa njiani tunasema kadari.

Tudai nini basi?

Siitishi meli ya mita 127. Ikija hapa itakwama Mkanda siku ya kwanza. Tena sitaki vijana wetu wenye boti wapoteze riziki kwa kuletewa chombo kikubwa cha serikali ambacho baada ya mwaka kitalala gatini kikingoja spea. Yale ya Tazlina na Hubbard yananitosha.

Jambo la kwanza ni jina. Njia za Mokowe hadi Amu, Amu hadi Mtangawanda, na kutoka hapo Faza, Kizingitini na Kiwayu zitambuliwe rasmi kuwa barabara za umma. Zikishatambuliwa, zinakuwa na haki ya taa, maboya, magati yasiyoporomoka na kuchimbwa panapojaa mchanga, kwa pesa za mfuko tunaouchangia kila siku. Zinakuwa na mtu wa kuwajibika.

La pili ni ruzuku. Katiba, katika jedwali la nne, imezipa kaunti kazi ya vivuko na bandari ndogo. Sawa, kazi imeshuka, lakini pesa za mafuta zimebaki juu. Kaunti inaweza kuingia mkataba na wenye boti hawa hawa tulio nao: safari mbili kwa siku, saa zinazojulikana kwa kufuata maji, nauli isiyozidi kiwango fulani, kila abiria na boya lake la kujiokolea, na boti isijazwe kupita kiasi. Mwenye boti analipwa tofauti kutoka sehemu ya ushuru uliokatwa kwenye petroli yake mwenyewe. Hatuombi msaada. Tunaomba chenji yetu.

La tatu ni usiku. Boti moja ya wagonjwa yenye nahodha wa zamu na tangi lililojaa, Pate, saa ishirini na nne. Hili halihitaji sheria mpya wala mtaalamu kutoka ng'ambo.

Wapo watakaosema fedha hazipo, na kwamba shilingi 7 katika zile 25 tayari zimewekwa rehani kulipa madeni ya makandarasi wa barabara za bara. Ni kweli. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu: petroli ya mvuvi wa Kizingitini inalipa deni la lami ambayo hajaiona, na hakuna anayesema fedha hazipo.

Leo ukitoka Faza kwenda Amu unapita mbele ya bandari mpya ya Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021, na sasa yako matatu. Mlango wa meli umechimbwa hadi kina cha mita 17.5 ili meli kubwa za dunia ziingie bila kungoja maji. Ni kazi nzuri, na naiombea ifaulu. Nchi iliyoweza kuchimba kina hicho kwa ajili ya makontena ya wageni haiwezi kuniambia haijui kutia taa kwenye njia ya mama mjamzito.

Jumatatu nilishuka Juneau. Yule mama wa Tlingit alikuwa bado anangoja feri yake ndogo. Alikuwa na mfuko wa dawa, boksi la machungwa na ratiba ya karatasi iliyokunjwa, na kwenye ratiba hiyo saa ya kufika kijijini kwake ilikuwa imeandikwa. Nilimtazama akiikunjua mara mbili tatu kuhakikisha.

Basi wagombea watakapofika Faza na kuanza habari za lami, waacheni wamalize. Kisha mtu mmoja anyanyuke awaulize: ile barabara ya kutokea kisiwani, ya maji, iko katika bajeti gani, na boti ya kwanza inaondoka saa ngapi?